Mwaka Tulipowafundisha Marehemu Kutembea

Mwili wa mdogo wangu Jeremi haukufika Kisangani. Alikufa kwa homa kule Kinshasa, mvua zilipokuwa zikianza, na wakwe zake wakamzika huko huko kabla sisi hatujajua kwa njia gani mtu huleta maiti kutoka mbali hivyo. Kwa hiyo matanga yetu hapa mtaani Mangobo yalikuwa matanga ya kiwanja kitupu. Turubai lilikuwepo, viti vya kuazima vilikuwepo, wanawake walikaa chini kwenye mikeka na wanaume walicheza dama pembeni. Lakini katikati, pale ambapo sanduku hukaa, palikuwa na meza ndogo yenye kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa hapakuwa na kitu. Asubuhi ya pili Neema, dada yetu mdogo, alitoka ndani akiwa ameshika simu yangu, akaiweka mkononi mwangu bila kunitazama. "Yaya, ameingia," alisema, akiniita kama wadogo wa kwetu wanavyomwita dada mkubwa. Niliangalia. Kioo kilikuwa cheupe. Halafu kutoka upande wa kuume picha ya Jeremi ikaanza kuja, kwa haraka kidogo mwanzoni, kisha ikapunguza, ikazidi kupunguza, hadi ikatulia katikati bila mshtuko, kama kitu ambacho watu wanne wamekishusha kwa pamoja wakiogopa kukiumiza. Kabla sijasoma jina nilikuwa nimeshautambua mwendo ule. Tuliutengeneza yeye na mimi, katika chumba hiki hiki ninamoandikia, mwaka ule simu za kugusa zilipoanza kujaa mjini.

Sitaeleza hapa tulivyobaki yatima. Inatosha kusema kwamba siku wajomba na baba wadogo walipokuja kutugawana, Neema aende Yangambi, Jeremi aende Ubundu, mimi nibaki na shangazi, nilisimama mlangoni nikawaambia tutalala watatu chini ya bati moja. Wiki ile niliacha shule. Jeremi hakuacha, nililisimamia hilo. Mwaka ninaousimulia alikuwa amefika chuo, anasoma mambo ya kompyuta, na mimi nilikuwa bado mama wa mikate, nikikaanga zile duara ndogo za unga kila asubuhi mbele ya nyumba, watoto wakisimama na sahani, moshi ukinijaa nywele. Watu waliponiuliza kazi yangu nilisema mikate. Moyoni nilijua kwamba kazi yangu ni nyingine: kulala mtu wa mwisho, baada ya kusikia pumzi mbili za ndugu zangu zimetulia upande wa pili wa mbao. Mradi nilizisikia pumzi zile, siku ilikuwa imekwenda vizuri.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vilivyotengwa kwa mbao ambazo hazikukutana vizuri. Chumba cha mbele kilikuwa cha Jeremi mchana na cha sisi sote usiku wa mvua, kwa sababu bati la nyuma lilivuja. Mlikuwa na kitanda, dirisha lililoangalia njia ya toleka, zile baiskeli zetu za kubeba abiria, na meza ambayo juu yake ilikaa kompyuta ya Saidi. Saidi alikuwa rafiki yake wa chuo, mtoto wa wafanyabiashara Waislamu waliotoka Maniema, mwembamba, mcheshi, mtu asiyejua kukataa chakula. Kompyuta iliishi kwetu kwa sababu mtaa wetu ulipata umeme mchana na mtaa wao haukupata. Chumba kilinuka mafuta ya mikate na waya wa moto. Nilikuwa nikiingia kuweka sahani ya lituma, ndizi zilizotwangwa na samaki juu yake, nao walikuwa wakila kwa mkono mmoja, macho kwenye kioo, wakibishana Kiswahili, Kilingala na Kifaransa ndani ya sentensi moja.

Kazi waliyokuwa wamepata ilitoka kwa mwenye redio moja ndogo ya mjini. Hapa kwetu mtu akifa, redio hutangaza jina, familia, mahali pa matanga na saa ya maziko. Wakati wa matangazo hayo watu hunyamaza, mwiko ukibaki hewani. Lakini umeme ukikatika saa ile, unaweza kukutana sokoni na rafiki aliyefiwa jana ukamwuliza mume wake hajambo. Mwenye redio alitaka tangazo liingie kwenye simu: picha ya marehemu, chini yake maneno. Saidi alishughulika na maneno yafike. Jeremi alishughulika na yale ambayo macho huona, na katika hayo alishikwa na jambo moja ambalo mwanzoni nililiona kama mchezo wa mtu aliyeshiba: picha iingie namna gani. Hakuna mtu wa mtaa aliyekubali kuwapa picha yake ya kujaribia, maana nani atakubali kujiona kwenye tangazo la kifo angali hai? Wakatumia picha ya mbuzi wa jirani. Neema, aliyekuwa bado anavaa sare ya shule ya msingi, ndiye aliyemwandikia tangazo. Aliandika kwamba familia ya Majani na kamba iliyomfunga wana huzuni kuu, na kwamba mchuzi utafuata. Tulicheka sana na mbuzi yule. Alikufa mara nyingi mwaka ule, na kila asubuhi tulimsikia akilia nje ya dirisha.

Tangazo la kwanza la kweli lilikuwa la mume wa jirani yetu Mama Anto. Papa Anto alikuwa mvuvi kutoka upande wa Yanonge, mtu mkubwa, mguu wake mmoja umekufa kwa ugonjwa miaka kadhaa kabla ya yeye mwenyewe kufa. Saidi alikuwa amechukua mwendo uliokuja tayari ndani ya kompyuta, ule unaotumika kwenye michezo na matangazo ya bia: picha inaanguka kutoka juu, inagonga chini, inaruka, inaruka tena kidogo, inasimama. Mama Anto aliketi kwenye kitanda cha Jeremi, kanga nyeusi begani, nao wakampa simu. Mume wake akaanguka kutoka juu akaruka kama mpira. Mama Anto alicheka kwanza. Nilimwona, alicheka kwa sauti, mkono mdomoni. Halafu mkono ulibaki mdomoni na kicheko kikabadilika.

"Bwana yangu alikuwa anatembeaka na fimbo," alisema. "Mumemupa miguu ya mutoto."

Jeremi alisimama. "Pardon, Mama Anto. Ni machine ilifanya vile."

"Machine haikumujua. Weye ulimujua."

Alisema hivyo bila hasira, akarudisha simu, akajifunga kanga. Nilimsindikiza hadi kwake. Niliporudi Saidi alikuwa ameshika kichwa na Jeremi alikuwa ukutani. Alikuwa amechukua kipande cha makaa kutoka kwenye mbabula, jiko langu la mikate, na anachora mstari mweusi moja kwa moja juu ya chokaa niliyoipaka mwenyewe. Nilitaka kumfokea. Aliniambia nisimame pale pale, akanieleza, na tangu siku ile sijawahi kuona kitu kikitembea bila kuuona na mstari wake.

Chini, alisema, ni muda unaopita. Juu ni njia ambayo kitu kimeshakwenda. Kitu kikienda sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho, mstari wake unanyooka kama fimbo. Na hakuna chochote kilicho hai kinachokwenda hivyo. Aliniita dirishani. Toleka ilikuwa imesimama na mwenye baiskeli alikuwa anaondoka na mama mnene na beseni lake. Alikanyaga kwa nguvu na baiskeli haikutaka, ikayumba, ikakubali, ikapata mbio, ikapotea kwenye kona. Jeremi alirudi ukutani akaichora: mstari uliolala kwanza, halafu ukapanda. Kisha akachora wa pili, uliopanda mara moja halafu ukalala: pirogue inayokuja ufukoni, mpiga kasia ameacha kupiga, mtumbwi unateleza wenyewe hadi mchangani. "Kila kitu iko na uzito, Yaya," alisema. "Hata ndani ya simu. Kitu yenye haina uzito, batu hawaiamini." Ndani ya kompyuta miendo hiyo ilikuwa na majina ya Kiingereza, lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, kwa hiyo tuliipa majina yetu. Huu mwendo wa toleka, huu mwendo wa pirogue. Ule wa kuruka tuliuita mwendo wa bia, na ukafukuzwa nyumbani.

Ili kujua marehemu huingia namna gani, Jeremi alianza kwenda matanga. Mji huu haukosi matanga. Alikuwa anaona turubai barabarani, anaingia, anaketi nyuma, anasubiri mwili ufike, anaangalia miguu ya wabebaji. Watu walimwona kijana mnyonge asiyeondoka, wakadhani ni ndugu wa upande fulani, wakampa chai na kwanga, mkate wetu wa muhogo. Alirudi nyumbani ameshiba na macho mekundu, maana alikuwa analia kweli. Hakujifunza kamwe kukaa kwenye kilio bila kulia. Neema alimwita ndugu ya bafu bote, ndugu wa wafu wote. Akimwona anavaa shati jeupe alimwuliza leo anaenda kumlilia nani, na kama kuna wali amletee. Mimi nilimwangalia akitoka na shati lile na nikafikiri, huyu hajawahi kumlilia mama yetu hivi. Tulipofiwa alikuwa mdogo na mimi nilikuwa na haraka ya kuzuia wajomba. Labda mwaka ule, kwenye viwanja vya watu wengine, alikuwa anamalizia.

Saidi ndiye aliyetikisa kila kitu. Jeremi alipomwonyesha mwendo wa kwanza aliouchora, wa polepole mwanzo hadi mwisho, kama watu wa mto wanavyobeba sanduku kwa wimbo, mguu huu, pumzi, mguu ule, Saidi alitikisa kichwa na mdomo umejaa ndizi. Kwao, alisema, maiti hacheleweshwi, anapelekwa upesi, na huo ndio upendo wenyewe. "Mukimuingiza babu yangu vile, bibi yangu atasema mumemutesa." Wakabishana mchana mzima. Nilisikiliza kutoka nje nikigeuza mikate. Jeremi alienda tena matanga, safari hii kwa watu wa Saidi, upande wa pili wa soko, akarudi na jibu. Alikuwa ameona kwamba wote, wa wimbo na wa mbio, hupunguza mlangoni. Mlango ni mwembamba, sanduku ni pana, kuna mtu nyuma anasema polepole, polepole, angalieni mkono. Basi marehemu wetu aingie na mwendo wake barabarani, na mlangoni apunguze. Alichora mstari mrefu unaopanda halafu unalala kwa muda mrefu kuliko pirogue. Tulimjaribu mbuzi. Mbuzi aliingia, akatulia katikati ya kioo, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Ilibaki kutoka. Mtu akishasoma tangazo, picha iondoke vipi? Sheria ya vioo, Jeremi aliniambia, ni kwamba kinachotoka kinaanza polepole halafu kinakimbia, ili macho yapate kuzoea kwamba kinakwenda, na yakishazoea kisiyachoshe. Ni mwendo wa toleka. Aliuweka, na picha ikatoka vizuri sana, na mimi nilihisi kama mtu amenyang'anywa sahani mkononi. Sikuweza kumweleza kwa nini. Siku ile ile Mama Anto alikuwa amekuja kukaa nasi kidogo, na alipoaga niliacha chakula changu nikainuka, kama kawaida, nikatembea naye. Mgeni wako hatoki peke yake. Unakwenda naye hadi kona, mnasimama, mnaongea tena yale mliyokwisha kuongea, ndipo anakwenda. Niliporudi Jeremi alikuwa bado mlangoni anatutazama. "Njo vile atatoka," alisema. "Asitoke yeye peke. Batu bamusindikize." Akabadilisha. Tangu hapo picha haikutoka yenyewe. Uliweka kidole juu yake ukaivuta, nayo ilikufuata nyuma kidogo ya kidole, kama mtu mwenye mzigo. Ukisimama inasimama, ukichelewa inachelewa. Ulipofika ukingoni, ukainua kidole, ndipo ilipokwenda.

Na hapo ukingoni aliongeza kitu ambacho hakuniambia. Alimwita Mama Anto aje amwone tena mume wake, ameingia sasa kama mtu mwenye heshima. Mama Anto aliangalia kuingia kwake, akasema ndiyo, sasa ni yeye. Kisha akaweka kidole na kumsindikiza hadi mwisho wa kioo, na alipoinua kidole picha haikwenda. Ilirudi nyuma kidogo, upana wa punje ya mchele, kuelekea kwake, halafu ndipo ikatoka. Mama Anto alitazama kioo kitupu. Aliiweka simu kitandani, akainuka, akatoka bila kuaga na bila kusubiri nimsindikize. Nilimgeukia Jeremi kwa sauti ambayo siitumii mara nyingi.

"Ni nini ile?"

"Mutu akisindikizwa, ku kona anageukaka, Yaya. Anaangalia nyuma mara moja."

"Mufu hageuke. Toa ile kitu."

Alijaribu kunieleza kwamba huo nao ni mwendo wenye mstari wake, akauchora: unashuka kidogo chini ya sifuri kabla ya kupanda, kama mtu anayejivuta nyuma ili aruke mto. Sikutaka kuuona. Nilimwambia kwamba mtu aliyefiwa akiona picha imerudi, moyo wake utafikiri amerudi, na halafu itamwacha, na itakuwa kama amefiwa mara mbili kwa siku moja. Alisikiliza, akasema sawa, Yaya. Nilichukua kitambaa na maji nikafuta mstari ule ukutani. Iliyobaki bado ipo, nyuma ya kabati, imefifia. Ule pekee haupo.

Nikiutazama mwaka ule kutoka hapa nilipo, naona kwamba wakati tulipokuwa tunafundisha picha kuondoka, Jeremi mwenyewe alikuwa ameshaanza. Mstari wake ulikuwa bado umelala, ndiyo sababu sikuuona. Kwanza aliacha kulalamikia bati linalovuja. Baadaye aligawa vitabu vyake vya zamani. Akamfundisha Neema kuwasha na kuzima kompyuta, akamfundisha tena. Alikula lituma yangu polepole zaidi. Halafu mchana mmoja wa mvua nilikuwa chumba cha nyuma nikihamisha masufuria chini ya matone, na mvua ikakatika ghafla kama inavyokatika hapa, na katika kimya kile nilimsikia Saidi upande wa pili wa mbao akiuliza, "Yaya anajua?" Jeremi akajibu bado. Saidi akauliza atamwambia lini. "Nitaanza polepole," alisema Jeremi, na Saidi akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Weye na courbe yako, ile mistari ya ku ukuta." Nilisimama na sufuria mkononi. Mvua ilirudi, na sikusikia tena.

Aliniambia siku chache baadaye, mezani, Neema akiwa shuleni. Kuna watu wa Kinshasa walikuwa wameona tangazo kwenye simu ya ndugu yao, wakauliza ni nani aliyefanya picha itembee vile, na walikuwa wanamwita akafanye kazi kwao. "Yaya, Kinshasa banataka niende."

Nilimwambia ale kwanza. Alikula tonge moja.

"Bati iko moja, Jeremi," nilisema.

"Itabaki moja. Hata mutu akienda."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa na mlango ule ambao nilisimama mbele ya wajomba, nilikuwa na shule yangu, nilikuwa na kila asubuhi ya moshi. Ningeweza kuyasema na angebaki; namjua, angebaki, na angekaa kwenye chumba kile akizeeka kwa heshima. Nilichukua kichwa cha samaki kwenye sahani yangu, sehemu aliyoipenda tangu mdogo, nikakiweka kwenye yake. Aliinama akakila chote, hadi mifupa. Hivyo ndivyo nilivyompa ruhusa.

Kisha mstari ulipanda. Nguo zilifuliwa, Saidi alileta sanduku, nauli ya boti ikapatikana, Mama Anto alileta samaki wakavu, na ilikuwa kana kwamba kufumba na kufumbua tulikuwa tumesimama beach, pale bandarini chini ambapo boti za mbao hupakia kushuka mto. Nilimsindikiza hadi penye ubao wa kupandia. Aliongea na mimi yale tuliyokwisha kuongea: Neema asome, bati la nyuma litengenezwe kabla ya mvua kubwa, nisiamke mapema hivyo. Alipanda akapita juu ya magunia hadi mbele kabisa, akasimama akitazama upande ambao mto unaelekea. Boti ilisukumwa kwa miti mirefu. Mwanzoni haikutaka kabisa. Ilikwama, ikazunguka kidogo, hata nikafikiri labda haitaondoka. Halafu maji yakaishika. Neema aliita jina lake, akaita tena. Mgongo wake ulikuwa na shati jeupe, lile la matanga. Nilikuwa nimejiambia kwamba katikati ya mto atageuka, na nilikuwa tayari nimeinua mkono. Hakugeuka. Nilisimama na mkono ule hewani hadi mama mmoja mwenye beseni la kwanga akaniomba nimpishe.

Hakurudi tena. Kila mwaka ilikuwa mwaka ujao. Alipiga simu, alituma salamu, alitengeneza bati kwa mkono wa Saidi, alimsomesha Neema hadi akawa muuguzi. Alioa, wakwe zake ni watu wema, walinililia kwenye simu. Simlaumu. Lakini kwa miaka yote nililala bila kusikia ile pumzi moja, na mgongo ule mweupe niliuona kila nilipoona boti. Na kwenye simu yangu, kila tangazo la kifo lililoingia kwa mwendo wetu nililisoma, nikaliacha pale pale. Sikuwahi kumtoa mtu hata mmoja. Neema alikuwa akinihamishia wote kila nilipobadili simu, na alisema mimi natembea na makaburi mfukoni. Sikuwa na moyo wa kuona mtu mwingine akienda.

Siku ya mwisho ya matanga kiwanja hufagiwa. Viti vilikuwa vimeanza kurudi kwa wenyewe, Saidi, mwenye mvi ndevuni sasa, alikuwa anakunja turubai na wanawe. Mama Anto alikuwa amekaa karibu nami kwenye mkeka, mzee, anatembea na fimbo yeye pia. Neema alichuchumaa mbele yangu. "Yaya, batu bote bamemusindikiza. Weye bado." Niliitoa simu. Jeremi alikuwa katikati ya kioo, katika picha ambayo sikuijua, amenenepa kidogo, anacheka na mtu aliye pembeni. Niliweka kidole juu yake nikaanza kuvuta. Alinifuata nyuma kidogo, kama mtu mwenye mzigo. Nilisimama katikati, naye akasimama. Neema aliweka mkono wake juu ya wangu, na tulikwenda tena hadi ukingoni, na pale niliinua kidole.

Picha ilirudi nyuma. Upana wa punje ya mchele, kuelekea kwangu. Halafu ikaondoka, polepole, kisha upesi, na kioo kikabaki cheupe.

"Amegeuka," nilisema.

Neema alinitazama. "Inafanyaka vile siku yote, Yaya. Ulikuwa hujue?"

Mama Anto ndiye aliyesema, akichora vumbi kwa ncha ya fimbo. "Miye njo nilimuomba. Ile siku nilitoka kwenu bila kuaga sababu nilitaka kulia mu nyumba yangu. Asubuhi nikakuya, weye ulikuwa ku mikate. Nikamwambia, mwache Papa Anto ageuke. Hata mara moja tu. Akasema, Yaya atakasirika. Nikasema, basi, usimwambie." Alipumzika. "Mji muzima bafu bao banageukaka, mwanangu. Ni weye tu ulikuwa hujue."

Aliondoka jua lilipopungua, nikamsindikiza hadi kona, tukaongea tena yale tuliyokwisha kuongea. Niliporudi kiwanja kilikuwa kimefagiwa na meza ndogo imerudi ndani. Niliketi kwenye kitanda cha Jeremi, chini ya dirisha la toleka, nikafungua simu. Walikuwepo wote niliokuwa nimewashikilia: mwalimu wa darasa la mwisho nililosoma, mama wa beseni la kwanga wa pale beach, mjomba aliyetaka kumpeleka Jeremi Ubundu, bibi yake Saidi. Niliweka kidole juu ya wa kwanza. Nilimsindikiza kila mmoja hadi ukingoni, bila haraka, na kila mmoja, kabla ya kwenda, aligeuka kuniangalia.